Oil nzito ilivyoua Peugeot 504 ya baba mdogo kwenye baridi ya Buffalo

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii si chai. Imenikuta mwenyewe, na gari lenyewe limelala uani Buffalo hadi ninavyoandika.

Mimi naishi Columbus, Marekani, kazi yangu warehouse. Ni Mkongo niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Wanaonijua wanajua sinunui hata nyanya bila kuomba punguzo, na chenji naihesabu mara mbili.

Baba yangu mdogo anaishi Buffalo, East Side, na binti yake Neema. Kabla ya vita alikuwa dereva wa Peugeot 504, Uvira kwenda Bukavu. Huku figo zimegoma, anaishi kwa dialysis, mashine ya kusafisha damu.

Siku moja akaniambia kwa simu: "Mutoto wangu, sina tena haja ya kurudi kule. Nataka tu kuendesha 504 mara moja, nifike nayo ku kanisa. Basi."

Nikaanza kutafuta. 504 huku ni adimu mno. Nikaipata Louisville, kwa mama wa Kizungu aliyefiwa na mumewe. Tulivutana bei hadi akanitengenezea kahawa, na baada ya kahawa tukaendelea kuvutana.

Engine ilikuwa safi. Mama akaniambia marehemu, kila winter ikikaribia, alikuwa anamwaga oil ya kiangazi na kuweka nyepesi. Nikaitikia kwa adabu, huku kichwani napiga hesabu ya petroli ya kufika Columbus.

Columbus nikaifanyia service. Viungo vya mbele nikavipa grisi, diff, ile gia ya ekseli ya nyuma, nikaiwekea oil yake, bawaba za milango zikaacha kulia. Hapo sikukosea.

Mtihani ukawa oil ya engine.

Nilikwenda duka moja la spea upande wa Clintonville. Muuzaji akauliza gari linakwenda kulala wapi. Buffalo. Akanipa 10W-40, akanielewesha: namba yenye W ni ya wakati wa baridi, ikiwa ndogo oil inatembea haraka asubuhi. Namba ya pili ni engine ikishapata moto.

Nikampigia baba mdogo, maana gari ni lake.

"Hapana! Hiyo ni mayi! Moteri ya 504 inakunywa cinquante. Huyo wa duka alizaliwa lini?"

"Baba mdogo, Buffalo kuna baridi."

"Bon, na milima ya kwenda Bukavu haina baridi?"

Wakuu, kwetu mdogo wa baba ni baba. Nikarudisha ile 10W-40 kwenye shelf, nikachukua hiyo cinquante yake, namba 50 kavu, isiyo na W. Ilikuwa imekaa dukani hadi ina vumbi, nikaomba punguzo, nikapewa. Sitawaficha, nilitoka pale nimefurahi.

Gearbox ya 504 hunywa oil ileile ya engine. Nikaiwekea hiyohiyo.

Najua mafundi mmeshaanza kutikisa kichwa.

Jumamosi nikaendesha hadi Buffalo, jua linawaka, gari linanguruma vizuri. Nikapita Grant Street kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki, watu wakawa wanageuka kuangalia. Jioni baba mdogo alilizunguka akiligusa kila mahali, mpaka Neema akamrudisha ndani kwa sababu ya upepo.

Usiku baridi ikashuka vibaya.

Jumapili asubuhi mzee alitoka na suti na kofia. Neema ameshika simu, video call, shangazi yuko Uvira anaangalia.

Nikavuta kijiti cha kupimia oil. Ile oil haikudondoka. Ilining'inia tu kama asali iliyoganda.

Nikamwambia, "Baba mdogo, twende na gari ya Neema. Hii tutaiwasha jua likipanda."

"Jua gani? Jua ya huku ni taa, haina moto."

Tukacheka wote. Akakaa kwenye usukani, mimi pembeni, Neema nyuma.

Starter ikazunguka kwa shida, kama mtu anayevuta gunia. Halafu ikashika! Mzee akanigeukia, na uso ule sijawahi kumwona nao tangu tufike nchi hii. Shangazi akapiga vigelegele huko Uvira.

Kisha akafanya kile madereva wa kwetu wengi hufanya gari likiwa la baridi. Akakanyaga gesi mpaka chini, ili lipate moto.

Neema akasema, "Dad, the red light is on." Taa nyekundu ya oil ilikuwa bado inawaka.

"Nyamaza. Inaamka."

"Baba mdogo, achia gesi," nikasema. "Oil haijafika juu."

"Leo mutanifundisha gari?"

Ikaanza kugonga, kama nyundo ndani ya sufuria. Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo, lakini engine ikakamata yenyewe. Kimya. Hatukuwa tumetoka hata uani.

Shangazi bado anapiga vigelegele. Alidhani ule ukimya ni network.

Mzee akauliza, "Ni oil?"

"Ni uzee wa engine, baba mdogo."

"Usinidanganye. Miye ni dereva." Akachomoa ufunguo, akaniwekea mkononi. "Uzisha." Yaani niliuze.

Hakwenda kanisani siku ile. Alivua kofia, akaingia ndani, akalala na suti.

Nilichojifunza: oil ya gari la zamani unaichagua kwa kitabu cha gari na kwa baridi ya mahali linapolala. Ukishawasha, subiri taa nyekundu izime, ndipo uguse gesi. Na ukimheshimu mzee, bishana naye dukani mpaka akukasirikie. Akishakaa kwenye usukani umechelewa.

Sasa naomba msaada. Neema ananiambia madaktari hawana tena maneno ya matumaini. Mzee hataki hata kupita karibu na dirisha la uani. Anayejua inapopatikana engine ya 504, au fundi wa kuifungua hii, aandike hapa au aje PM. Bei aseme yoyote, sitabishana.

Ila asije mtu kuniambia gari ni chuma tu. Hilo nalijua.