Matanga ya Baba Irakiza

Fidès alikuwa mwanamke wa kupenda vitu vizuri, na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watu wa namna hiyo husemwa. "Yule mama wa Kayanza anajidai," walisema majirani, halafu jioni haohao walikuwa mlangoni kwake wakitaka awasomee jarida. Lilikuwa jarida la Kifaransa la mishono na mapishi, limechakaa hata jalada halina. Alilikuta ndani ya robota la mitumba, zile nguo Wamalawi wanaziita kaunjika. Alilisoma mpaka akajua kwa kichwa namna ya kupika bata kwa machungwa, yeye ambaye hakumbuki mara ya mwisho alipokula bata. Aliwasomea kwa sauti huku mkono ukidarizi kitambaa, na wanawake waliokaa naye ukutani wakamtania.

"Haya Fidès, leo tunakula nini?"

"Leo ni samaki kwa mchuzi wa maziwa na siagi."

"Mungu wangu! Na haya maharage ya mgao tumpe nani?"

Basi fikiria furaha yake binti yake Irakiza alipochumbiwa. Mchumba alikuwa Aristote, kijana Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani mwenye baraza lake Area 25 kule Lilongwe. Mpole, mikono safi, na anajua kukata kitambaa bila kuchora. Fidès alimpenda kabla hata binti hajasema ndiyo, na sioni aibu kusema kwamba alimpenda zaidi kwa ajili ya cherehani. Sasa lile gauni la ukurasa wa katikati wa jarida, lenye mikono ya lesi na mkia mrefu, lingeweza kushonwa kweli. Usiku alilala akipanga maua, asubuhi aliamka akipangua. Tangu atoke Burundi hakuwahi kuwa na neno zuri la kuwaza kiasi hicho, na alilishika kwa mikono miwili.

Lakini nyumbani mwake mlikuwa na jambo moja. Kila jioni Fidès alipakua sahani tatu. Ya kwake, ya Irakiza, na ya Épitace.

Épitace ndiye mume wake, baba yake Irakiza, mwashi. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipoingia kilimani kwao, aliwaambia watangulie yeye angewafuata. Walitangulia. Hakufuata. Fidès hakuuona mwili, hakuona kaburi, wala hakumpata mtu wa kumwambia lolote, na kwa hiyo aliamua kwamba mume wake yuko njiani. Ndiyo, miaka mitatu njiani. Kila lori lililoleta watu wapya kambini lilimkuta amesimama. "Mmetoka wapi? Hamkumwona mwashi mmoja mrefu, mwenye kovu kidevuni?" Watu walitikisa kichwa, naye akarudi kupika. Wakimaliza kula, ile sahani ya tatu ilibaki mezani mpaka chakula kikapoa, ndipo watoto wa jirani wakaitwa.

Kula mbele ya sahani ile si mchezo. Mgeni aliyekaribishwa kwa Fidès alikula harakaharaka na kuaga. Na Dzaleka yenyewe, jamani, ilikuwa gereza zamani. Kuta nene bado zilisimama, na wazee wa vijiji vya karibu walisema waliofungwa mle hawajatoka wote. Wengine walizipita kuta hizo wakipiga ishara ya msalaba. Fidès alizipita akitazama, kwa sababu mwenzenu kila kivuli cha mtu mrefu kilikuwa ni Épitace.

Mambo ya harusi yalipopamba moto akaja Sindayigaya, mzee wa Warundi pale kambini, mtu wa hasira na kikohozi. Alikataa kiti. Aliyoyaleta hayakuwa ya kukalia.

"Mama Irakiza, unapanga harusi, na nyumba hii haijaganduka."

Kwa Warundi, mtu akifa, nyumba yake inaingia kwenye msiba, na msiba una kuisha kwake. Siku ya kuganduka ndugu wanakusanyika, wanakunywa pombe ya mtama, anasemwa marehemu, halafu matanga yanaondoka kabisa. Kabla ya hapo hakuna kuoa wala kuolewa katika nyumba hiyo. Anayejaribu, anamwita marehemu aje harusini mwenyewe.

"Huwezi kuganduka mtu aliye hai," alisema Fidès. "Épitace hajafa."

"Basi aje apokee mahari ya binti yake! Akiwa hai, tumngoje. Akiwa amekufa, tumganduke. Hapo katikati hapana harusi."

"Tutamngoja," alisema Fidès.

Irakiza alikuwa pembeni anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Wiki hiyo mama na binti wakaenda Lilongwe kununua lesi. Kwa nini ununue lesi ya harusi ambayo haina siku? Muulize Fidès. Walipanda matola, pikapu ya kubeba abiria, wakamkuta sokoni mama yake Aristote, Jeannette wa Bukavu, mjane mnene, mcheshi, ambaye akinunua nyanya soko zima linajua.

Lo, walifurahi! Nisiseme uongo, asubuhi ile ilikuwa tamu. Walipekua marundo ya kaunjika mpaka mikono ikanuka dawa ya nondo. Jeannette alijifunga pazia kichwani kama shela akatembea nalo katikati ya wauza samaki, "Muniangalie, mi njo bibi arusi!", na Irakiza akacheka mpaka akakaa chini. Walipata lesi safi iliyoshonwa kwenye gauni kuukuu la kulalia, kazi ya kufumua tu. Fidès aliipitisha vidoleni akasema hata ile ya jarida haifikii hii.

Halafu akahamia kwenye rundo la makoti ya wanaume. Akachagua moja la kijivu, akalikunjua, akalipima mabega kwa mikono yake, kama mke anavyopima, bila futi.

"Mamu," akasema Jeannette, "ile koti ni ya nani? Aristote hana mabega ya vile."

"Ya baba Irakiza. Siku hiyo atavaa nini?"

Jeannette alimtazama Irakiza. Irakiza aliangalia chini.

"Mamu, mi sikatazi mutu kulilia bwana yake. Mi nalilia wangu mpaka leo. Lakini bakubwa banasema asiyekuwepo na lake halipo. Batoto bangoje mpaka wapi? Tuambiane tu: iko muzima ao alikufa?"

Lakini Fidès hakuwa akimsikiliza tena. Kule mwisho wa njia, kwenye daraja, alikuwa amepita mwanamume mrefu, bega moja limeinama kidogo kama la mtu aliyebeba mawe maisha yake yote. Fidès aliliacha koti, akaiacha lesi, akakimbia. "Épitace! Épitace we!" Watu walimpisha. Alimshika yule mtu mkono wa shati, yule mtu akageuka, na alikuwa Mmalawi wa watu, kijana tu, hana kovu, hana lolote.

"Pepani, mayi," alimwambia kwa huruma. Pole, mama.

Irakiza alifika nyuma yake akihema, lesi mkononi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Mama, acha kumwita," alisema. "Nakuomba. Acha kumwita."

Siku chache baadaye Jeannette alikuja kambini, safari hii bila utani. Alisema Aristote hatamwoa binti juu ya msiba usioisha, na hatangoja pia. Nyumba ya Fidès ichague. Kama hakuna matanga wala baba, basi wachumba waachane kwa amani.

Hapo ndipo Irakiza aliposema, polepole, kwamba anataka nyumba iganduke.

"Unataka kumuua baba yako," Fidès alisema, "ili uvae gauni jeupe?"

Maneno yakitoka hayarudi. Irakiza aliikunja lesi, akaiweka kwenye mfuko, akauning'iniza ukutani. Tangu siku hiyo hakugombana wala kulia. Alifanya kazi zote, alijibu "ndiyo mama," akawa mtu wa kupita tu ndani ya nyumba. Fidès aliogopa. Alikuwa tayari na mmoja asiyeonekana. Sasa anayeonekana naye alikuwa anafutika mbele ya macho yake.

Ndipo akapata ujanja. Alimwendea Sindayigaya akamwuliza: siku ya kuganduka ni lazima nini? Mzee akahesabu: pombe, ndugu au walio badala ya ndugu, na mtu anayekijua kifo chenyewe asimame aseme alivyokiona, maana kumganduka mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa ni kumtoa duniani kwa mdomo.

"Na asipopatikana wa kusema?"

"Tunamwaga pombe, tunarudi nyumbani."

"Basi nakubali," alisema Fidès.

Umeelewa? Hakukuwa na wa kusema! Alikuwa amewauliza wote, lori kwa lori. Angefanya shughuli yao, pombe ingemwagwa, Jeannette angeona kwa macho yake kwamba mila yenyewe imemkatalia Épitace kufa, na yeye angeendelea kumngoja bila lawama ya mtu. Mwanamke huyu angezaliwa mwanamume angekuwa wakili.

Jumapili baada ya misa wakakusanyika nyuma ya ukuta wa gereza, Warundi wengi, na Wakongo wachache waliokuja na Jeannette. Mtungi wa pombe ya mtama uliwekwa katikati na mirija yake. Kuna mlevi mmoja akatania, eti kifo cha wengi harusi. Wazee waliosema hivyo hawakufika Dzaleka. Hakuna aliyecheka, na upepo wa baridi wa mwezi wa sita ulipita kati ya watu kama aliyechelewa anayetafuta nafasi ya kukaa.

Sindayigaya alikohoa, akasimama.

"Tumekuja kwa ajili ya Épitace, mwashi, mwana wa Kayanza. Nani alimwona? Nani anajua alivyokufa?"

Kimya. Fidès alikaa mkekani, mikono mapajani, moyo wake umetulia kuliko miezi yote iliyopita. Mzee akauliza mara ya pili. Kimya. Kuna mtu alisogeza mguu kutaka kuinuka.

"Mimi," alisema Irakiza.

Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake. Mikono alikuwa ameifunga ndani ya kitenge.

"Tulipokuwa kwenye migomba Mama aliniambia nisigeuke. Niligeuka. Baba alikuwa ameshatoka nje, anakuja kwetu. Walimkuta kwenye ua. Walikuwa wengi. Alituona. Aliniona mimi, najua aliniona, na hakupiga kelele. Walimpiga mpaka akaanguka na hakupiga kelele, ili Mama asisikie akarudi. Hakuinuka. Nilitazama mpaka migomba ikaniziba."

Sindayigaya, yule mzee wa hasira, alisema taratibu sana: "Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kumwambia kesho yake. Tulilala porini, na asubuhi Mama aliamka akasema, 'Baba yako ana miguu mirefu, atatufikia leo.' Alikuwa anacheka. Nikasema nitamwambia tukifika mpakani. Halafu nikasema tukifika Malawi." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Halafu kila siku akawa anampakulia. Nitasemaje? Mtu anampakulia."

Fidès hakupiga yowe. Watu walijiandaa kumshika na hakuna wa kushika. Alikuwa anamtazama binti yake, na hakuwa anamwona bibi harusi. Alikuwa anamwona mtoto wa miaka kumi na mitano, amekaa mbele yake kila jioni, anakula akiwa na maiti ya baba yake machoni, anatabasamu mama yake anaposema labda kesho. Na yeye amemwambia mtoto huyo kwamba anataka kumuua baba yake.

Aliinuka. Alipita katikati ya watu akamshika Irakiza uso kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba huyu yupo.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Irakiza alimwangukia shingoni, na sasa ndiyo akalia kwa sauti, kilio cha miaka mitatu, mpaka Jeannette, ambaye hakumjua Épitace hata kwa picha, akaanza kuomboleza kwa Kishi, lugha ya kwao, na wanawake wote wakampokea, kila mmoja kwa mtu wake.

Sindayigaya aliwaacha. Walipotulia alimkumbusha Fidès, kwa heshima, kwamba bado neno moja, na ni mke wa kulisema. Fidès akawageukia watu. Hakumwachia binti yake mkono.

"Mume wangu Épitace alikufa," alisema. "Mtoto wangu alimzika peke yake, na mimi kila siku nilikuwa namfukua."

Mzee akawapa mrija. Irakiza alikunywa kwanza, halafu mama yake.