Dakika Tatu Juu ya Mti wa Mtandao

Aibu hii imeonwa na watu wa mikoa mingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuificha hakunisaidii, afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeipamba.

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu, mtaa wa Mtendeni, sina mpango wowote (shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilikaa upande wa dirishani, na tangu hapo sijatulia), nikakuta treni ya kwenda mashariki imesimama stesheni, nikapanda. Tulipofika stesheni ya Tura nikaona akina mama wanauza asali, nikaonja, nikauliza inatoka wapi, mmoja akasema, "Porini kwetu, mwendo wa saa mbili." Basi nikashuka na begi langu, nikawafuata.

Huyo aliyenijibu ni Mama Kalunde, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki. Njiani nilimuuliza kila kitu, naye akanieleza kwamba serikali inaandika upya sera ya Tehama, asasi za kiraia zimeitwa kutoa maoni kwa njia ya mtandao, na asasi moja ya mjini imewaombea wao dakika tatu. Saa nane mchana, siku hiyo hiyo.

"Tunataka sera iseme wazi kwamba mtandao ufike na huku," alisema. "Mwaka jana jirani yetu alianguka mtini akavunjika mguu. Wa kupiga simu ya kuomba msaada ilibidi naye apande mti."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulipofika tukamkuta Shija, katibu wao, ambaye ndiye angesema, amepigwa na mafua mpaka sauti imekauka, anapumua kwa mdomo. Mama Kalunde akashika kichwa. Hapo ndipo nikajipiga kifua: "Mama, niachie mimi. Simu nimeshika za kila aina, na kusema mbele za watu siogopi."

Akaniangalia kutoka viatuni hadi kofia. "Utasoma karatasi hii kama ilivyo?"

"Neno kwa neno."

Nikaomba nafasi ya kunawa, nikaenda nyuma ya nyumba, na huko, kwa kuwa ningeonekana mbele ya waheshimiwa, nikajipulizia pafyumu. Shingoni, kwapani, hadi ndani ya suruali (kana kwamba harufu inapita kwenye simu!).

Mti wenye mtandao ulikuwa mmoja tu, na ndio huo huo uliotundikwa mizinga ya nyuki. Nikauliza kwa nini wasiihamishe, nikaambiwa mizinga ilikuwepo kabla ya mtandao. Kabla sijapanda, Shija akanisogelea akaninusa shingoni. Mimi nikadhani ndiyo salamu ya huko, nami nikamnusa. Watu wakatazamana. Shija, pua imeziba kabisa, akanyoosha kidole gumba: huyu yuko safi, apande.

Nikapanda, nikafunga simu kwenye tawi mbele ya uso wangu, na kweli mtandao ukaja, vichwa vya watu vikajaa kwenye kioo, wengine na tai.

"Karibu mjumbe kutoka Tura," akasema mwenyekiti wa mkutano. "Una dakika tatu."

"Asante, mheshimiwa. Hoja ya kwanza," nikasema, na nyuki wa kwanza akatua sikioni. Nikajipiga kofi. "Hoja ya kwanza, sisi wafuga..." Kofi la pili. Kisha wakaja wote, wengine kolani, wengine (nisameheni) huko chini nilikokuwa nimepulizia sana, nikaitupa karatasi, nikapiga ukelele ambao naambiwa uliwafanya wajumbe wengine wavue vipokea sauti, nikaporomoka. Suruali ikanasa kwenye kisiki cha tawi. Mimi nikashuka, yenyewe ikabaki juu, ikining'inia mbele ya kamera.

Nikiwa nagaagaa majanini nikasikia sauti ya utaratibu kabisa ikitoka mtini: "Mjumbe wa Tura, tunaona suruali. Je, mjumbe bado yupo? Imebaki dakika moja na nusu."

Mama Kalunde alikuja chini ya mti na kitambaa kinachofuka moshi, akainua uso, akapaza sauti ambayo nadhani ilifika stesheni.

"Mheshimiwa, shikamoo! Mjumbe ameanguka! Huku kwetu simu inapigwa mtini, na huyo ndiye mnayemsikia analia! Andikeni kwenye sera yenu, mtandao ufike chini, mahali watu wanapokaa!"

Sauti ya mwenyekiti ikajibu kutoka mtini: "Marahaba, mama. Tumeandika. Mtuletee pia kwa barua ndani ya wiki mbili."

Mama Kalunde akanigeukia. "Umesikia? Barua. Na wewe ndiye utakayeipeleka mjini kwa mkono. Mpaka iandikwe, unalala kwangu."

"Mama, nisamehe, sikujua kama..."

"Umeuliza kila kitu njia nzima, hata mbuzi wangu anaitwa nani. Hilo la kunuswa ndilo ukaona huna haja ya kuuliza? Nyuki hawavumilii manukato!"

Tangu siku hiyo nimeapa kutowasemea watu niliokutana nao siku hiyo hiyo, hata wakiniomba kwa magoti. Wakanishika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakaniingiza ndani, wakanilaza kwenye mkeka. Wanasema ni nyumba nzuri, ina kibaraza na mlango wa bluu. Mimi niliiona siku ya tatu, macho yalipofunguka.