Kasi ya Betri Zilizochoka

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla jirani hajanitangulia kuusimulia: niliwahi kuendesha gari huku Marekani kutoka Louisville hadi Buffalo kwenda kumwambia mgonjwa kwamba wimbo wake ameukosea. Mgonjwa huyo sasa ni marehemu. Habari ilinikuta Jumamosi asubuhi jikoni kwangu hapa Newburg, mtaa wa Louisville, nimevaa soksi ndani ya kandambili, sare rasmi ya mtu asiye na mpango wa kutoka. Binti yake alipiga simu, akasema neno moja tu, "Tonton," yaani anko kwa Kifaransa chao. Nikazima jiko la maharage. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi tunaijua simu ya namna hiyo, haihitaji neno la pili.

Wasomaji wa safu hii mnanifahamu. Elimu yangu ni kidato cha nne cha kambini Kigoma, kazi yangu ni ya ghala, na safari ndefu ninayoipenda ni ile ya kwenda kwenye sanduku la barua na kurudi. Marehemu alikuwa Mkongo wa Uvira, mzee mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Tulipakia maboksi ghala moja, tukaishi majengo yanayotazamana. Siku ya kwanza kuonana kanisani huku, maana kambini hatukufahamiana, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba amepoteza "kitabu yangu ya nyimbo." Mimi, kwa kuwa naandika gazetini na hivyo najiona mlinzi wa ngeli zote, nilimfuata mlangoni nikamwambia kwa upole wa kuudhi, "Mzee, si kitabu yangu. Ni kitabu changu." Akanitazama juu hadi chini. "Aaa, petit, kijana! Imekuwa yako tangu lini? Nilinunua mimi." Waliotuzunguka walicheka hadi mchungaji akaja kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, na msidhani alikuwa ananisifu.

Huyu mzee alikuwa na santuri moja tu. Vita vilipofika Uvira, kaka yake mkubwa, ambaye yeye alimwita Yaya, alinyakua mashine ya santuri ya kutumia betri na kukimbilia nayo ziwani. Nyumbani walikuwa na rumba rafu nzima, lakini wakati wa kukimbia nani anachagua? Walipofika Kigoma wakafungua kifuniko, wakakuta juu ya sahani imebaki ile iliyochezwa mara ya mwisho: Waingereza wenye nywele ndefu, mali ya mwalimu mmoja mzungu aliyeiazimisha na hakurudi kuidai. Ni ule muziki wa roki ambao wimbo mmoja unajaza upande mzima, mara kinanda, mara filimbi, mara kimya, unadhani umekwisha kumbe wanapumzika. Wenyewe wanauita roki ya kimaendeleo. Mimi nauita roki endelevu, kwa sababu unaendelea tu. Rumba zote zikabaki Uvira, kilichovuka ziwa ni hicho. Basi kambini kikawa ndicho chakula cha masikio. Kaka yake alitunga maneno ya Kiswahili kwenye sehemu ya polepole iliyo katikati ya upande wa pili, akaiimba kwa sauti ya chini kabisa, na mdogo wake akaifuata juu yake. Kaka hakutoka kambini. Yuko kule, ardhini. Santuri ikapanda ndege.

Mwaka jana koo lilianza kumsumbua mzee, akahamia Buffalo kwa binti yake. Kabla ya kuondoka aliniletea santuri imefungwa kwenye kitenge. "Mwalimu, weye unajua kuingiza kanda ya kwaya mu kompyuta. Ingiza na hii." Nikaiweka juu ya kabati, nikasema nitaifanya, ikakaa. Halafu binti akapiga simu. Madaktari wamepanga upasuaji Ijumaa asubuhi, wataondoa kikoromeo chote. Baba akitoka pale atakuwa hai, Mungu akipenda, lakini hatakuwa na sauti tena. Anataka kabla ya hapo aimbe mara moja juu ya santuri ile, kama alivyoimba na kaka yake, na yeye binti arekodi. Nikasema nitautuma wimbo kwa simu. Nikasikia mzee anakohoa upande wa pili, kisha sauti yake: "Ile diski ilivuka ziwa mu mikono. Itafika huku mu mikono."

Ilikuwa Jumatano. Mashine yangu ya santuri ilikuwa mbovu, na aliyekuwa na nzuri niliyemfahamu ni dada mmoja Mkenya anayesomea shahada ya juu Columbus, amepanga chumba karibu na chuo kikuu. Mashine yake haisafiri, alisema, kwa hiyo nisafiri mimi. Nilifika mikono imekufa ganzi kwa kuushika usukani kama kamba ya kisimani. Yule dada aliitoa santuri kwenye kitenge, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapiga mluzi. "Anko, hii imeteswa. Sindano ikiruka, tusiilazimishe, itakwangua kila kitu." Tuliiosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, tukaifuta kwa kitambaa laini kama mtoto mchanga. Akapima mzunguko wa mashine mpaka akaridhika kwamba haikimbii wala haichelewi. Kisha tukaketi. Kazi hii haina njia ya mkato, wimbo unaingia kwenye kompyuta kwa urefu wake wote, na wewe huruhusiwi hata kupiga chafya. Katikati ya upande wa pili, palepale pa kaka, sindano ikaanza kupanda na kushuka. Tulishikana mikono, mimi na mtoto wa watu, tukiitazama. Ikapita. Jioni nzima nililala chali kwa shemeji yangu Gahanna, kando ya Columbus, vifaa vya kusikilizia masikioni, nikiondoa mkwaruzo mmoja baada ya mwingine, nikijisifu. Sauti ilikuwa safi kuliko maji ya chupa.

Alhamisi barabara ya kandokando ya Ziwa Erie ilikuwa nyeupe. Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa inavuka barabara kwa ubavu, na malori yalinipita yakinimwagia uji wa barafu hadi nikawa naendesha kwa imani. Binti alipiga mara kwa mara. "Tonton, uko wapi? Papa anauliza." Baadaye akasema jambo lililonifanya nikanyage mafuta kwa ujasiri ambao si wangu: daktari amemwambia baba asiongee, koo linavimba, sauti iliyobaki ni kidogo, na anaitunza. Siku nzima alikuwa anajibu kwa vidole.

Niliingia wodini muda wa wageni unakaribia kwisha. Mzee alikuwa amekaa wima kitandani, amenyolewa, amevaa shati, kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani. Binti akawasha simu yake kurekodi, asije akapitwa na kitu. Nikampa mzee santuri, akaiweka kifuani. Nikafungua kompyuta, nikausogeza wimbo hadi katikati ya upande wa pili, nikakaa kumtazama uso nipate ujira wangu. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Haiko hii," akasema.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza ni ipi. Mimi nikasema, "Ndiyo hii, Mzee. Tumeisafisha tu."

"Hii inakimbia. Bale bantu banakimbia wapi?"

"Hii ndiyo kasi yenyewe. Mashine imepimwa."

"Kasi ya nani?"

"Ya waliorekodi!"

"Bon. Bale balikuwa na courant ya umeme. Siye tulikuwa na mapile ya kuanika mu jua." Akakohoa, binti akamshika mgongo. "Yaya aliimba chini, chini kabisa. Hapa hapati mulango ya kuingilia."

Nilielewa? Nilielewa. Betri zikichoka sahani inazunguka polepole, na sauti inashuka nayo. Miaka yote ile kambini walikuwa wanasikia wimbo mzito kuliko ulivyorekodiwa, na kaka mtu alijipimia sauti yake humo. Kompyuta yangu ingeweza kuupunguza kasi kwa kusogeza kidole. Lakini nilikuwa nimetoka Newburg, jamani, nimevuka theluji na ukamilifu wangu mkononi. Nikamweleza. Nikaeleza mizunguko, nikaeleza jinsi betri zinavyodanganya, nikamwambia kwamba sasa hatimaye anausikia wimbo wa kweli. Na yeye, mtu aliyeambiwa asiongee, ilimbidi anijibu. Kila nilichosema alikijibu. Muuguzi akachungulia, akaonyesha saa. Binti akasema, bila kupandisha sauti, "Tonton, mpe anachotaka. Tafadhali. Sasa hivi."

Nikausogeza chini. "Bado," akasema mzee. Nikashusha tena. Vinanda vikawa vizito, filimbi ikawa kama mtu anayelia amefunika uso. "Bado." Nikashusha. Akafumba macho, akainua kiganja nisimame. Sehemu ya polepole ikaanza, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka nusu. Baada ya hapo ilibaki midomo tu, na hewa, na kidole kikipiga taratibu juu ya santuri, hadi muuguzi akaja kututoa. Ijumaa walifanya walichofanya. Aliishi miezi kadhaa baadaye bila sauti, na kila nilipopiga simu ya video alinipungia mkono bila kinyongo, jambo ambalo lilinikaanga kuliko tusi.

Nimewaza sana tangu Jumamosi kuhusu kusahihishana. Sisi tuliohamishiwa huku tulianza kusahihishwa uwanja wa ndege. Jina la babu likawa la kwanza, letu likawa la katikati, na asiyejua siku aliyozaliwa akapewa tarehe mosi Januari, ndiyo maana mwaka mpya hapa mtaani kwetu wazazi wote wanatimiza miaka kwa pamoja. Kazini tunasahihishwa matamshi. Nyumbani watoto wetu wanatujibu kwa Kiingereza, na katika jibu hilohilo wanatusahihisha swali. Ungetarajia watu tuliopitia hayo tuwe wa mwisho kumkosoa mwenzetu. Wapi! Tunatoka kukosolewa tunatafuta wa kumkosoa, mimi nikiwa na safu nzima ya gazeti kwa kazi hiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia kitanda hikihiki, kambi hiyohiyo, jua lilelile tuliloanikia betri, na bado nilipopata umeme nikasahau. Hilo ndilo linalonisumbua. Mgeni angekosea kwa kutojua. Mimi nilijua, nikataka kushinda.

Mazishi ni wiki hii, na familia itaicheza ile rekodi ya wodini kanisani, maana ndiyo sauti ya mwisho waliyonayo. Binti alinitumia akisema kama kuna la kutengeneza nitengeneze. Nikaifungua. Kwenye kioo cha kompyuta sauti inaonekana kama milima: ya kwangu ni milima minene mfululizo, ya kwake vichuguu vyembamba katikati. Mkono ukanienda kwenye mkasi. Ningejiondoa kabisa, kanisa lisinisikie. Lakini nikijikata mimi, "Kasi ya nani?" inabaki inaiuliza hewa, na ule mstari mmoja na nusu unaonekana kama ndiyo uwezo wake wote, kana kwamba hakuna aliyemmalizia pumzi. Nikaiacha ilivyo. Sikupandisha hata sauti yake. Nikairudisha Buffalo, na Jumamosi hii watu wazima watanisikia nikimfundisha mzee wimbo wake mbele ya jeneza lake. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza: mtu akikuletea kilicho chake, muulize kwanza alikizoea vipi, ndipo ufungue kisanduku chako cha ufundi.

Nilikuwa naisikiliza mara ya mwisho kabla ya kuituma pale jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kirundi tuliyetoka naye kambi moja, alipogonga. Ukuta wetu ni mwembamba, alikuwa ameisikia yote. Nikamweleza anayeimba ni nani na anayeongea ni nani. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akaniambia: "Yaani mtu ana kiu amekutuma maji, wewe ukakaa kumfundisha kipindupindu."