Usiku Uliopakwa Asubuhi

Asubuhi ya mwisho kabla ugonjwa haujamchukua, mke wangu alikula bisi za mchele kwa mafuta ya haradali, akafunga mapazia, akaanza kuupaka usiku rangi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kutia rangi picha za video. Vidole vilizungusha vigurudumu vya mtambo wake mezani, na kwenye skrini barabara ya Kolkata iliyolowa mvua ikageuka: vivuli vikawa buluu, taa za maduka zambarau na waridi, madimbwi yakawaka kama ya mji wa miaka mia ijayo. Kila mara aligeuka kutazama ndevu zangu. Alisema kijivu cha ndevu hizo kinampumzisha macho na rangi. Sijazinyoa hadi leo.

Nirupam, mwenye filamu, alikuwa nyuma yake.

“Usiku umekaa, shemeji! Sasa mng'arishe huyo binti hapo kwenye picha. Mweusi mno.”

“Ndivyo alivyozaliwa,” mke wangu alijibu.

“Basi kazi nampa mwingine.”

Mke wangu aliitenga ngozi ya binti na sehemu nyingine za picha, kama alivyozoea, rangi za taa zisiimeze. Kisha akaondoa mikono mezani, kazi ikiwa nusu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

“Mpe. Mji nimekupakia rangi zote ulizotaka, Nirupam. Mtoto wa watu simpaki.”