Plagi za Siku Ile
Miaka ile ya dhahabu, siku baba yangu mdogo alipopata mawe mazuri, aliyabeba kwa gari lake mwenyewe hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kwa wachimbaji wa kwetu Tarime, kitu kilichokuwepo siku ya kupata hakibadilishwi. Shati la siku ile hakulifua tena, na mama mdogo akahamia chumba cha watoto.

Kisha akavuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya, akarudi na mtungi wa gesi ya naitrasi, ile ya kulifanya gari likimbie kuliko akili ya dereva. Fundi wa Bomani aliufunga, halafu akasema, "Bosi, gesi hii inaongeza moto kwenye injini. Plagi zako ni zile za kiwandani, zitayeyuka. Tuweke zinazohimili joto."

"Hizo plagi zilikuwepo siku ile," baba mdogo alimjibu.

Fundi alikuwa ameshatengeneza magari ya wachimbaji wengi. Akafunga boneti.

Mimi nilikaa kiti cha mbele. Baba mdogo alibonyeza swichi, tukalipita lori moja, kisha kitu kikapasuka kwenye injini na moshi ukajaa ndani. Lile lori likatupita tena, taratibu.

Fundi alitoa plagi zote nne. Moja ilikuwa imeyeyuka ncha, na pistoni yake ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Baba mdogo alizifuta kwa lile shati, akaondoka nazo.

Mwezi uliofuata alinunua gari jingine, akampelekea fundi plagi tatu.

"Hizi nzima zifunge humu," alisema. "Na mtungi wangu."