Kofia ya Bati kwenye Lenzi ya Baba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Kisumu Ndogo, Malindi, popote niwapo. Si ile ya jikoni. Ni ile iliyokuwa kwenye kitambaa cha baba cha kulainishia hesi za kufungia lenzi zake kuukuu, ikiwa imechanganyika na masizi na bati lililokatwa karibuni. Baba alikuwa mpiga picha. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaoa Mgiriama, yaani mama yangu, na katika miaka hiyo ya themanini alikuwa na chumba chake cha picha ubavuni mwa nyumba yetu. Kamera aliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, nzito, ya aina ile ambayo jicho la mpiga picha halipitii kwenye lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilichoko pembeni. Ukisahau kuondoa kifuniko, kidirisha kitakuonyesha watu wote wanatabasamu, na picha itatoka nyeusi tititi.

Lenzi zile zilikuwa na vipimo vyake vya ajabu, na vifaa vyake havikupatikana katika duka lolote la Malindi wala Mombasa. Mtaliano alimwachia kichujio kimoja tu, kioo cha manjano chenye ukingo uliobonyea. Kioo hicho kilikuwa fahari ya baba, kwa sababu picha zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, na bila kioo hicho anga ilitoka nyeupe kama shuka. Ukikifunga, anga iliingia giza kidogo na mawingu yakajitokeza moja moja. Kikinga jua, kile cha kuzuia jua lisiipige lenzi, hakikuwepo, kwa hiyo tulikitengeneza wenyewe kwa bati la kopo la maziwa ya unga, tukakipaka masizi ndani. Baba alikiita kofia. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, basi kazi ya kufunga kofia ikawa yangu, nikiwa na miaka tisa. Nilijivuna nayo shuleni hadi nikachukiwa.

Kanuni ilikuwa moja, na ni yeye aliyenifundisha. Kwenye lenzi pana, ile ya kupigia kundi la watu, unafunga kofia peke yake au kioo peke yake. Ukivifunga vyote viwili, kioo kinaisukuma kofia mbele, na ukingo wake unakula pembe za picha. Kidirisha hakitakwambia. Ndiyo maana kila kofia mpya tuliipima kwanza: tulifungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, tukabandika karatasi ya mafuta pale filamu inapokaa, kisha tukatazama kama mwanga unafika kwenye pembe zote nne.

Msimu huo wa mvua ndogo mdogo wangu alibatizwa, na jamaa za baba wakaja kutoka bara. Nyanya, mama yake baba, alikuwa hajakanyaga kwetu tangu ndoa ile asiyoipenda. Baada ya ibada baba alipiga picha za wateja kanisani, akabakiza nafasi moja ya filamu kwa ajili yetu. Mama hakuwa na picha hata moja. Filamu ilikuwa ya wateja, na yeye kila mara alisema ya kwake ingengoja. Nilikata kofia mpya kwa siku hiyo, nikaipima, pembe zote nne zikawa safi. Nikaifunga, nikampa baba kamera. Aliingia nayo ndani, akasema anakwenda kupangusa lenzi.

Uani watu walipangwa. Nyanya alikaa katikati na mtoto mapajani, shangazi zangu kushoto na kulia, na mama, aliyemzaa mtoto huyo, akaambiwa asimame mwisho kabisa, safu ya nyuma, juu ya benchi. Alivaa leso mpya.

"Baba Mwende," aliuliza, "huku nitatokea kweli?"

"Nawaona wote," baba akajibu, jicho likiwa kwenye kidirisha. "Tulieni."

Kesho yake alitoka chumba cha giza na picha mbichi mkononi. Pembe zilikuwa nyeusi. Upande mmoja giza lilikula majani ya mpapai tu. Upande wa pili lilimla mama, kichwa mpaka kifua. Ilibaki leso na mkono mmoja.

"Mwende," alisema baba mbele ya watu wote, "kofia yako imemkata mama yako."

Mama alicheka, akanivuta kwake. "Mwacheni mtoto. Tutapiga nyingine."

Haikupigwa nyingine. Wiki tatu baadaye homa ilimchukua, na watu walipotaka picha ya kuweka matangani, baba aliwaonyesha ile, kisha akanitazama. Hakunigombeza. Aliniacha tu na kosa langu, na tangu siku hiyo hakuniruhusu kugusa lenzi. Nilikua nikiamini kwamba nilimfuta mama yangu kwa mikono yangu. Ni jambo baya sana kumwachia mtoto alibebe.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipoitoa picha ile kwenye bahasha, na kwa mara ya kwanza nikaacha kuitazama ile pembe. Nikatazama juu. Anga ilikuwa na giza jepesi, na mawingu yametoka moja moja, meupe, yamejaa. Kioo cha manjano kilikuwa chini ya kofia yangu. Alikifunga mwenyewe, kule ndani, ili jamaa zake waone ufundi wake. Na picha aliisafisha mwenyewe, kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza.

Nilimfuata Mariakani, alikohamia uzeeni. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka picha mapajani mwake.

"Baba, mawingu haya yametoka wapi?"

Alipitisha kidole juu ya mawingu. "Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto husamehewa. Mimi ningesamehewa na nani?"

Niliondoka bila kunywa chai yake. Amekwisha kufa, na watu huniambia nimsamehe. Sijaweza, na sitajifanya kuwa nimeweza. Binti yangu hujipiga picha ishirini kwa simu kabla ya kifungua kinywa, hujiona papo hapo, na hufuta zile ambazo hazikumpendeza. Juzi aliniuliza nyanya yake, yaani mama yangu, alikuwa na sura gani. Uso ule umenitoka kabisa. Nikampa picha. Aliitazama kwa makini, akatafuta cha kunifariji, akasema mawingu yametoka vizuri sana.