Nyonga Ilikuwa Yangu

Mwanangu, naikumbuka asubuhi ambayo daktari aliijadili nyonga yangu na mume wangu kana kwamba mimi simo chumbani. Mpaka leo hasira yake haijanitoka.

Nilikuwa bado kijana, mwalimu wa shule ya msingi kule Pangani, Kibaha, nikiwafundisha wasichana netiboli. Pikipiki ilinigonga nikitoka Kwala. Mfupa uliunga, lakini miaka ilivyokwenda nyonga ikasagika, nikawa nasomesha nimeegemea meza. Tukaenda hospitali moja jijini. Shangazi Mwanaidi, mkulima wa mihogo wa Kisarawe, ndiye aliyenilea, akatusindikiza.

Daktari aliitazama picha, akamgeukia mume wangu. Akamweleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja kitakatwa, iwekwe nyonga nzima ya bandia, basi atie saini. Nikauliza kama hakuna njia nyingine, maana mwalimu mwenzangu aliniambia wapo ambao kichwa hicho cha mfupa huvalishwa kofia ya chuma tu, mfupa wenyewe ukabaki. Akacheka. Akasema mambo hayo ni marefu, niwaachie wataalamu. Mume wangu, mtu mwema kabisa, alikuwa ameshashika kalamu.

Shangazi hakupaza sauti. "Binti yangu amekuuliza," alimwambia daktari. "Mfupa ni wake. Mjibu yeye." Kisha akamtazama mume wangu. "Na wewe, mkwe wangu, weka kalamu chini. Hukatwi wewe."

Tuliondoka bila jibu. Baadaye tukampata daktari mwingine, mama mtulivu, akavuta kiti akaketi mbele yangu. Akanieleza kwamba kofia huacha mfupa mwingi, kichwa huchongwa kidogo tu kikafunikwa, lakini huwafaa zaidi wanaume ambao hawajazeeka, wenye mifupa mikubwa. Mfupa wangu ulikuwa mdogo. Kofia ingeweza kulegea, au mfupa chini yake ukavunjika, na chuma hicho kikisuguana na kikombe cha chuma kinachowekwa kwenye tundu la nyonga hutoa chembe zinazodhuru nyama. Halafu akaniuliza mimi nataka nini. Nililia, mwanangu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Nikachagua nyonga nzima. Ndiyo, ileile ya daktari wa kwanza. Nilipona, nikarudi darasani nikitembea bila fimbo. Wapo wanaoniambia kumbe nilihangaika bure, na hao huniudhi kuliko hata yule daktari. Bure vipi? Niliingia kupasuliwa nikijua wananitoa nini na kwa nini. Kama mfupa wangu ungekuwa mkubwa, nani angeniambia kwamba kofia ingenifaa?

Basi, ukiambiwa utapasuliwa, uliza njia nyingine ni ipi, inamfaa nani, na ina hatari gani. Uliza kwa kinywa chako, na koti jeupe lisikutie haya. Na ukimpeleka mgonjwa, usimjibie naye anaweza kusema. Mungu akujalie afya, mwanangu, na siku ukiugua akukutanishe na mtu atakayeketi akutazame usoni.